Jua la Oktoba na Nyuso za Kinsevere

JICHO LA JUMA
Na Kalenga Mwamba

Katika siku hizi za mwisho wa mwezi wa Oktoba jua hupita barabara juu ya vichwa vyetu, na mtu akisimama uwanjani saa sita ya mchana, hapa Kinsevere au mjini Lubumbashi, hukikuta kivuli chake kimejikunja chini ya nyayo. Hali hii hurudi tena katikati ya Februari, ijapokuwa wakati huo mawingu ya mvua aghalabu hutusitiri. Kwa mkulima ni dalili kwamba majira ya kupanda yamewadia. Kwa kijana aliyenunua kamera yake ya kwanza, au aliyejaaliwa simu yenye lenzi tatu, ni hasimu ambaye bado hajamtambua, maana nuru ishukayo wima kutoka utosini huyageuza macho ya mtu kuwa mashimo mawili ya giza, huweka doa jeupe juu ya paji la uso na jingine juu ya pua, na humnyima aliyepigwa picha ile haiba ambayo majirani zake wote wanamjua nayo.

Naandika haya kwa sababu swali ninaloletewa mara nyingi zaidi na vijana wa barabara hii, ambayo kutoka Lubumbashi hadi huku kaskazini ina urefu wa yapata kilomita 30, ni swali la kununua: kamera ipi, ya kampuni gani, yenye megapikseli ngapi. Silidharau swali hilo, kwani fedha ya kijana ni jasho lake na haifai kuteketea bure. Lakini itikadi yangu, ambayo nitaitetea mbele ya fundi yeyote wa mjini, ni kwamba kamera ni jambo la tatu. La kwanza ni nuru, na la pili ni insafu kwa uso wa mtu mweusi, ambao vyombo vingi vya sanaa hii, tangu zamani, havikuundwa kwa kuufikiria.

Tuanze na nuru. Saa zilizo njema kwetu ni chache, nazo ni kuanzia jua linapochomoza hadi yapata saa mbili asubuhi, kisha kuanzia saa kumi alasiri hadi machweo; na kwa kuwa sisi tu karibu na ikweta, jua letu hutumbukia upesi, magharibi ikapita na giza likaingia kabla mpiga picha mzembe hajamaliza kuwapanga watu wake. Wakati wa kiangazi, tangu Juni hadi Septemba, vumbi la barabara na moshi wa nyasi zinazochomwa porini hutanda angani, nao, pamoja na madhara yake yote kwa vifua vyetu, huichuja nuru ya jioni ikawa laini na nyekundu, ikafaa sana kwa sura za watu, ingawa vilima na miti ya mbali hufifia. Mvua za kwanza zikishaiosha anga mambo hubadilika: rangi hung'ara, kijani hurejea, na vivuli huwa vikali. Aliyezoea kupiga picha mwezi wa Agosti na akadhani amehitimu atashangazwa na Novemba.

Lakini harusi haimngojei mpiga picha hadi alasiri, wala waumini hawatoki kanisani kwa saa apendayo yeye. Ikiwa lazima upige picha adhuhuri, usikimbilie kivuli cha mti wowote tu, kwa kuwa majani yaliyoachana humwaga vipande vya jua juu ya nguo na mashavu, na hata mwembe uliosongamana, ambao ni bora zaidi, huongeza ukijani kidogo katika ngozi. Tafuta mlango. Mketishe mama juu ya kigoda ndani ya nyumba, hatua moja nyuma ya mstari ambapo jua linaishia sakafuni, uso wake ukielekea nje, nawe usimame nje upande kidogo, usije ukaizuia nuru kwa mwili wako mwenyewe. Jua halimgusi, lakini uwanja mzima ulio mbele yake umewaka, na mwanga wake humwendea kwa upole, ukimzunguka tangu shavu hadi shingo, huku nyuma yake giza la chumba likiwa pazia lisilohitaji kununuliwa. Kisha umtazame machoni. Ukiona ndani ya kila mboni nukta ndogo ya mwanga, umefika. Usipoiona, mwambie ainue kidevu kidogo, au umsogeze mbele nusu hatua, na utaona uso ukifunguka.

Hapo ndipo ardhi yetu nayo inapojitia katika shauri. Udongo wa Katanga ni mwekundu, na nyumba zetu nyingi ni za tofali za kuchoma zisizopigwa lipu, kwa hiyo mwanga unaoruka kutoka chini na kutoka ukutani huwa mwekundu pia, ukajikusanya chini ya kidevu na kando ya taya. Jicho la binadamu hulisamehe jambo hili bila kujua, kamera haisamehi. Mbaya zaidi, kamera iliyoachiwa kujiamulia rangi hutaka kuuondoa wekundu huo kwa kuongeza ubuluu juu ya picha nzima, na matokeo yake ni ngozi yenye rangi ya majivu, kana kwamba mtu ametoka kuugua. Dawa yake ni rahisi na haina haja ya duka la mjini. Chukua magunia mawili ya unga wa mahindi, yale meupe ya kilo 25, uyapasue, uyashone pamoja, na uyatandaze chini mbele ya kigoda, upande mweupe usio na maandishi ukitazama juu, mahali ambapo picha haifiki. Wekundu utatoweka, na vivuli vya machoni vitapungua vyenyewe. Tangu nilipoanza kuwafundisha vijana hila hii sijaona chombo cha fedha nyingi kilichowasaidia kuizidi.

Sasa nije kwenye insafu. Kamera hupima nuru kwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, kina ung'avu wa kijivu cha wastani. Dhana hiyo ikikutana na mwanamke mweusi aliyevaa kilemba cheupe mbele ya anga ya mchana, kamera huuona weupe mwingi, hujibana, na uso wa mwanamke huzama. Ikikutana na uso huohuo ukiwa umeijaza picha yote, huuona weusi mwingi, hujifungua mno, na ngozi yake hupauka. Yote mawili ni dhuluma, na yote mawili yana tiba. Katika simu, gusa uso kwa kidole mpaka alama ya jua itokee kando yake, kisha uiteremshe au uipandishe hadi uione ngozi kama unavyoiona kwa macho yako. Katika kamera, tumia kipimo cha mahali pamoja, ukielekeze shavuni, ukubali kwamba anga nyuma itaungua ikibidi. Anga hatutaikosa kesho. Uso wa mtu ndio tuliokuja kuupiga.

Wala kasoro hii haikuzuka kwa bahati mbaya. Filamu za rangi za karne iliyopita zilisawazishwa maabarani kwa kadi zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi ambazo mafundi wa Marekani walizoea kuziita kwa jina la Shirley, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi zote. Malalamiko yaliyosaidia kuwasukuma watengenezaji wa Kodak kuboresha rangi za kahawia hayakutoka kwa wazazi wa watoto weusi waliogeuka vivuli katika picha za shule. Yalitoka kwa wauza samani na wauza chokoleti, ambao bidhaa zao hazikuonekana vizuri katika matangazo. Mwaka 2021 Google ilitangaza kwamba simu zake mpya zimefunzwa kuzitambua vyema ngozi nyeusi, nami nasema ni jambo jema lililochelewa mno. Hadi simu hizo zitakapokuwa mikononi mwa wote, kazi ambayo kiwanda hakikuifanya inatulazimu sisi.

Kuhusu vyombo sitarefusha. Seydou Keïta wa Bamako, ambaye sura za watu wake leo zimo katika majumba makubwa ya makumbusho duniani, alifungua studio yake mwaka 1948 na alifanya sehemu kubwa ya kazi yake uani, kwa nuru ya mchana na kitambaa kilichotundikwa nyuma, akipiga aghalabu mara moja tu kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Basi mwenye simu nzuri asione haya. Anayetaka kamera anunue iliyokwisha kutumika, na fedha itakayobaki ainunulie lenzi ya milimita 50 yenye kipenyo cha f/1.8, ambayo ni ya bei nafuu kuliko lenzi nyingi, hupokea nuru kwa wingi ndani ya nyumba zetu zenye madirisha madogo, na katika kamera za kawaida humkaribisha mtu kwa kiasi kinachofaa uso. Anunue betri ya pili kabla ya kitu kingine chochote, maana umeme wetu hautabiriki. Asibadilishe lenzi kando ya barabara malori yanapopita, kwa kuwa vumbi lile jekundu ni laini mno na likishaingia ndani halitoki kwa kupuliziwa mdomo. Mate huongeza balaa. Mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri ndani ya mkoba ni kinga tosha.

Usiku, katika sherehe zinazowashiwa taa za jenereta, usiielekeze taa ya kamera usoni moja kwa moja, kwa sababu humulika jasho na huufanya uso kuwa bapa. Igeuzie ukuta uliopakwa chokaa, ikiwa upo, na mpe bwana harusi leso ajipanguse kipaji. Na ukiona mistari ya giza ikikatiza picha chini ya taa za LED, weka kasi ya shata kuwa moja ya hamsini au moja ya mia, kwani umeme wetu hupigapiga mara 50 kwa sekunde na kasi hizo huenda sambamba nao.

Neno moja la tahadhari, ambalo ni la usalama zaidi kuliko la sanaa: mgodi ulio jirani yetu, ambao tangu 2012 umo mikononi mwa kampuni ya MMG, una malango na walinzi, na katika nchi yetu askari, viwanja vya ndege na vituo vya dola si vitu vya kupigwa picha bila idhini. Omba ruhusa kwanza. Mchimbaji, muuza makaa na mwenye baiskeli nao wana haki ya kuombwa vilevile.

Katika kuhariri, programu za bure kama Snapseed zinatosha kabisa. Nyoosha mstari wa upeo, punguza kidogo maeneo yaliyong'ara kupita kiasi, inua kidogo vivuli, sahihisha rangi kwa kutazama kitu unachokijua kuwa cheupe, kisha uache. Kinachonikera, na nakisema kwa uchungu, ni ile mitambo ya urembo iliyomo ndani ya simu na katika baadhi ya studio zetu, ambayo humlainisha bibi wa miaka sabini hata mikunjo ya kicheko chake ikafutika, na humtakatisha binti kwa viwango vitatu vya weupe bila yeye kuomba. Mpiga picha afanyaye hivyo amemwambia mteja wake, bila kutamka, kwamba alivyoumbwa hakufaa kuonyeshwa. Zima kitufe hicho. Mteja akikiomba mwenyewe, mwonyeshe kwanza picha iliyopigwa mlangoni kwa nuru njema. Wengi hawataomba tena.

Lubumbashi ina sababu ya kulijali jambo hili kuliko miji mingi. Sammy Baloji, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1978, aliwatoa watu waliomo katika picha za kale za enzi ya ukoloni akawaweka mbele ya magofu ya viwanda vya kampuni ya madini ya Gécamines, katika kazi aliyoiita Mémoire, na watu wa mabara mengine wakaiona gharama ya shaba yetu. Yeye na wenzake ndio walioyaanzisha mwaka 2008 yale maonyesho ya Rencontres Picha ambayo leo yanajulikana kama Biennale ya Lubumbashi. Kazi ya Mémoire iliwezekana kwa sababu mtu fulani alizihifadhi picha zile za kale. Lakini waliozipiga walikuwa watumishi wa kampuni na wa serikali ya kigeni, na walipiga kilichowafaa wao. Za Kinsevere ya leo, mashamba ya mahindi, vichuguu virefu kuliko nyumba, shule, ibada, nani atazihifadhi ikiwa zote zimelala ndani ya simu moja ambayo kesho itaanguka kisimani?

Basi weka nakala mbili mahali pawili, na usimtumie ndugu yako picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, kwani huibana ikapoteza sehemu kubwa ya undani wake. Itume kama faili. Na kila mwezi chagua chache, hata kama ni tatu, uzipeleke mjini zikachapishwe kwenye karatasi. Zikirudi, chukua penseli laini, si kalamu ya wino, maana wino hupenya na kuchafua upande wa pili, uandike nyuma ya kila moja jina kamili la mtu, jina la baba yake, mahali, na tarehe.