Pawasaplai Duni ni Adui wa Maabara za Shule

Shule zinapounda kompyuta zake, aghalabu walimu hushindana kusifu prosesa na kumbukumbu, huku pawasaplai ikiachiwa salio la bajeti. Huko ni kujihadaa. Kifaa hicho ndicho kinachopokea umeme wa volti 240 na kuugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3 zinazolisha viungo vyote. Kikiharibika, chaweza kuteketeza bodi na diski pamoja na kazi za wanafunzi.

Tena nembo ya 80 PLUS, iliyoanzishwa mwaka wa 2004, huthibitisha kwamba umeme haupotei ovyo, haithibitishi uimara. Basi, ulizeni dhamana ni ya miaka mingapi. Wahenga walinena kwamba rahisi huvunja upishi. Katika maabara ya shule, atakayelala njaa ni mwanafunzi.