Kuiunganisha Kompyuta ya Nyumbani na Ghala la Mafaili la Chuo

Majuma mawili yaliyopita nilipata barua kutoka kwa askari mmoja aliye kazini Bwera, upande wa mpaka. Anaeleza kwamba mkewe ni mwalimu wa shule ya msingi mwenye cheti kama changu, na sasa anasomea shahada katika chuo kikuu, akienda chuoni wakati wa likizo na kurudi nyumbani shule zinapofunguliwa. Wamejinyima wakanunua kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika. Chuo kimempa mama huyo nafasi ya kuweka kazi zake katika kompyuta kubwa ya chuo. Je, yawezekana kuifikia nafasi hiyo kutoka Bwera? Na kuna haja gani, ikiwa anacho kiflashi chake mkobani?

Nitaanza na swali la pili, maana ndilo lililonigusa.

Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 iliweka shahada kuwa kiwango cha chini cha elimu ya mwalimu nchini Uganda. Ndiyo maana wengi wetu wenye vyeti tumerudi darasani, tukiwa na watoto na mashamba ya kutunza. Mwaka 2020 mimi na mwalimu mwenzangu aliyekaa Kilembe tulikuwa tukiandika tasnifu zetu. Mwezi wa Machi vyuo vikafungwa kwa sababu ya korona. Mwezi wa Mei mto Nyamwamba ukafurika, ukashuka na mawe makubwa kutoka milimani, ukabomoa nyumba na madaraja na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Mwenzangu alitoka na watoto wake na godoro moja. Kompyuta yake ilikwenda na maji, na kiflashi pia, kwa kuwa vyote viwili vilikuwa katika mkoba mmoja. Madaftari aliyojaza shuleni kwa muda wa mwaka mzima yalikwenda vilevile.

Kazi yangu mimi ilisalimika katika ghala la chuo. Wala sijisifu kwa busara: niliiweka huko kabla ya vyuo kufungwa kwa sababu kiflashi changu kiliingiwa na virusi, na mhadhiri wangu alikataa katakata kukichomeka katika kompyuta yake. Mwenzangu alianza upya, akamaliza miaka miwili baada yangu.

Ghala hilo mafundi huliita seva ya mafaili. Afande atalielewa upesi akikumbuka stoo ya kota masta: vitu vya watu wengi vimewekwa mahali pamoja, mlango una mlinzi, na kila mtu hupewa kilichoandikwa kwa jina lake tu. Kwa kawaida mafundi wa chuo hunakili vitu vyote vya ghala kwa ratiba na kuziweka nakala hizo mahali pengine. Mama awaulize wazi kama wanafanya hivyo, na faili lililofutwa kwa bahati mbaya laweza kurudishwa baada ya siku ngapi. Fundi mwenye kuijua kazi yake hatachukizwa na swali hilo.

Jambo hili la kuunganisha kompyuta ndogo na ghala la chuo lina historia ya kupendeza. Mwishoni mwa mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra, Andrew Tridgell, alitaka kompyuta yake iyaone mafaili yaliyokuwa katika seva ya idara yake. Mashine hizo mbili hazikusikilizana lugha. Akajitungia programu ya kuwa mkalimani kati yao, na mapema mwaka 1992 akaitoa bure kwa yeyote aliyeitaka. Baadaye ilihitajika kubadilishwa jina. Lugha ya mafaili yenyewe huitwa SMB, basi akatafuta katika orodha ya maneno neno lenye herufi hizo tatu kwa mfuatano wake, akapata Samba. Programu hiyo yatumika mpaka leo katika seva nyingi duniani.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mama akiwa chuoni, ataunganisha kompyuta na mtandao wa chuo kwa waya au kwa wayalesi. Akitumia Windows, atabonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi E. Katika kisanduku kirefu cha juu ataandika mistari miwili iliyoinama kwa nyuma, kisha jina la seva, mstari mmoja tena, na jina la folda, namna hii: \\jina-la-seva\jina-la-folda. Wenye kompyuta za Linux au Mac huandika smb:// na kufuatiliza jina la seva. Ataulizwa jina lake la chuo na neno lake la siri, na folda itafunguka. Akipenda, ataipa folda hiyo herufi yake, tuseme Z, ili siku nyingine aikute imeorodheshwa pamoja na diski za kompyuta yake.

Kutoka Bwera mambo ni tofauti. Lugha hii ya mafaili hupitia mlango wenye namba 445, na vyuo huufunga mlango huo kwa watu wa nje, tena kwa haki kabisa. Njia ya halali ni ile iitwayo VPN. Hiyo ni kama handaki lililochimbwa ndani ya intaneti: huanzia katika kompyuta yenu na kutokea ndani ya uzio wa chuo, na yanayopita humo hayasomeki na walio njiani. Chuo ndicho kitoacho programu yake na maelezo yake. Mama aifungue kwanza, aone imeunganishwa, ndipo aliite jina la seva kama nilivyoeleza.

Wengine huuliza juu ya eduroam, ule mtandao wa wayalesi ambao vyuo vyetu vimeupata kupitia RENU, shirika la mtandao wa vyuo na utafiti la Uganda. Ni msaada mkubwa, maana mwanafunzi wa chuo kimoja huweza kupata intaneti akiwa katika chuo kingine kwa jina lake lilelile. Lakini akiwa huko yeye ni mgeni, na kwa kawaida bado atahitaji VPN ili kulifikia ghala la kwao.

Nami niungame kosa langu. Juma zima nilikataliwa na handaki hilo nikiwa nyumbani Kasese. Nilibadili neno la siri mara mbili, nikailaumu kampuni ya simu, nikawalaumu na mafundi. Kumbe betri ndogo ya ndani ya kompyuta ilikwisha kufa, na kila umeme ulipokatika saa ilirudi mwaka 2009. Vyeti vya usalama vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta iliyo miaka mingi nyuma huviona kuwa bado havijaanza kutumika. Hata tofauti ya zaidi ya dakika tano hutosha kwa baadhi ya seva kumkataa mtu. Fundi wa mjini alinibadilishia betri, kazi ikaisha.

Kuna tahadhari moja juu ya kompyuta zilizokwisha kutumika. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilienea katika nchi nyingi kwa siku moja, kikifunga mafaili ya watu na kudai fedha. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu ya wagonjwa. Kirusi hicho kilipitia kasoro katika toleo la kwanza la SMB, ingawa Microsoft ilikuwa imetoa tiba yake mwezi wa Machi. Windows XP haijui toleo jingine, na seva inayotunzwa vizuri huikataa. Basi kama kompyuta yenu bado ni ya XP, msimwombe fundi wa chuo awafungulie. Iwekeni mfumo mpya au Linux, ambayo haiuzwi.

Vilevile, katika kambi kompyuta moja hutumiwa na watoto, majirani na hata karani wa ofisi. Mama asiweke alama mahali panapoulizwa kama neno la siri likumbukwe. Akimaliza, aikate ile Z na kuifunga VPN.

Kuhusu bando, asiandike moja kwa moja ndani ya ghala kutoka Bwera, kwa kuwa mtandao ukikatika katikati ya kuhifadhi, faili laweza kuharibika. Alinakili faili katika kompyuta, afanye kazi yake usiku, kisha alirudishe likiwa na tarehe mpya katika jina lake, na lile la zamani aliache mahali pake. Kurasa 60 za maneno matupu ni mzigo mdogo. Picha na video ndizo zilazo bando, na hizo zingoje mpaka arudi chuoni.

Barua ya mama wa Kasese juu ya simu ya mwanawe nimeipata, nami nitaijibu juma lijalo.