Funua Blanketi, Hesabu Pumzi

Wazazi wenzangu wa Nanyuki, nanyi mlioko Timau, Naro Moru mpaka Chaka, nawaomba jambo moja kabla baridi ya Julai haijatukamata sawasawa.

Mnaujua mwezi huo. Mlima Kenya unajifunika mawingu kutwa, na usiku upepo unaoshuka kutoka juu huko unapenya kwenye nyufa za mbao, huku kwenye mitaa ya Likii na Majengo, hata nguo zilizoanikwa ndani zinaamka na unyevu. Basi kila mzazi anafanya alivyofundishwa na mamake. Madirisha yanafungwa, jiko la makaa linaingizwa ndani, na mtoto mwenye kikohozi anaviringwa blanketi mbili, kofia, soksi, na juu ya yote shali ya nyanya. Ni mapenzi matupu. Lakini ndani ya blanketi hizo ndimo ugonjwa unamojificha.

Niliona kwa macho yangu katika ploti tuliyokuwa tukiishi. Jirani wa mlango wa tatu alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mwenye mafua tangu Jumatatu. Jumatano usiku mtoto akatulia, na mama akamshukuru Mungu kwamba hatimaye amepata usingizi. Shangazi aliyekuja kumjulia hali hakuridhika. Alifunua blanketi, akapandisha fulana, akamulika kwa tochi ya simu. Tumbo lilikuwa linakwenda mbio. Chini ya mbavu, kila hewa ilipoingia, ngozi ilibonyea ndani kama inayovutwa na kidole kutoka upande wa pili. Shangazi akashika saa, sote tukanyamaza. Pumzi 58 kwa dakika moja. Tulichokiita usingizi kilikuwa uchovu wa mtoto aliyeshinda siku nzima akifanya kazi ya kupumua tu.

Alifika hospitali, akawekwa oksijeni, na leo anakimbiza kuku uani. Lakini nusu saa nzima ilitupotea langoni. Lango la ploti lilikuwa na kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa amelala kwake mtaa wa pili.

Nimonia, au kichomi kama wengi wetu tunavyouita, haihitaji mashine kugunduliwa nyumbani. Inahitaji macho, saa na dakika moja kamili. Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya. Tazama tumbo au kifua, hesabu kila linapoinuka. Vipimo vya Shirika la Afya Duniani ndivyo wanavyotumia wahudumu wetu wa afya: kwa mtoto wa mwaka 1 mpaka asiyetimiza miaka 5, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Kuanzia miezi 2 mpaka asiyetimiza mwaka, ni 50. Mchanga wa chini ya miezi 2, ni 60, na huyo hesabu ikifika hapo usingoje, hata kama hana kikohozi. Ukiona hesabu hizo, au mbavu zinabonyea, ni safari ya kituo cha afya usiku huohuo. Vilevile akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea mpaka haamki vizuri, acha kila kitu uondoke naye.

Kwetu hapa haraka hiyo ina uzito zaidi. Mji wetu uko karibu mita 1,950 juu ya bahari, na hewa tunayovuta ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa. Mtu mzima mwenye afya amezoea, hata hajui. Pafu dogo lililojaa ugonjwa halina akiba.

Kwa hiyo jiko lile tulitoe nje, tafadhali. Moshi unaumiza mapafu yaleyale tunayojaribu kuyaponya, na makaa yanayoonekana hayana moshi yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua familia nzima ikiwa usingizini. Mtoto mwenye homa kali avae nguo nyepesi. Blanketi nyingi zinazidisha joto. Parasetamoli apewe kwa kadiri ya uzito wake, na aspirini asipewe kabisa. Ile chupa ya antibiotiki aliyobakiza kaka yake mwaka jana, itupeni. Asali ya Laikipia ni nzuri kwa kikohozi, nami naipenda, lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilambishwe hata tone. Aliye chini ya miezi 6 anyonyeshwe zaidi, huyo hahitaji maji. Mkubwa kidogo apewe uji, supu, maji, kidogokidogo lakini mara nyingi. Akiharisha, pakiti moja ya chumvichumvi za ORS inakorogwa katika kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu ya pakiti, na muulizeni muuguzi dawa ya zinki.

Haya mama anaweza kuyajua yote na bado akashindwa, kwa sababu yuko peke yake. Hapo ndipo ninapowageukia ninyi wengine.

Akina baba, zamu ya usiku si ya mama pekee. Mkiamshana saa nane, hesabu inafanywa na mtu mwenye akili iliyopumzika. Kina mama mnaopanda basi la shamba la maua kabla jua halijachomoza, mwachieni yaya hesabu hizi kwenye karatasi, ukutani, kwa lugha anayoisoma. Wasimamizi wa mashamba, mfanyakazi akiomba ruhusa kwa sababu mtoto anahema, msimuulize mara mbili. Vijana wa bodaboda, wengi wenu mnabeba kwanza na kudai nauli kesho, na nawashukuru. Wafundisheni wenzenu wageni wa steji. Wenye ploti, ufunguo wa lango ulale ndani ya lango. Hili halina gharama yoyote, na kwa ajili yake tu ningeandika waraka huu.

Pia kila nyumba ina mhamasishaji wake wa afya ya jamii. Mwezi Septemba 2023 serikali iliwakabidhi watu hawa zaidi ya 100,000 nchi nzima mikoba yenye vifaa vya kazi, na kipimajoto kimo. Ulizeni kwa mzee wa mtaa wenu ni nani, mwandike nambari yake kwenye simu leo, mtoto akiwa mzima. Na kitabu cha kliniki kikaguliwe: chanjo ya nimokoko tunayo Kenya tangu 2011, ya rota tangu 2014, zote bila malipo katika vituo vya serikali.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta kwamba kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Kenya, 41 hawafikishi miaka mitano. Wengine walikuwa katika nyumba zilizojaa watu waliowapenda.

Basi usiku wa leo, mtoto wako akishalala mzima na ameshiba, funua blanketi kidogo, uhesabu dakika moja. Iandike nambari hiyo nyuma ya kitabu chake cha kliniki, umwonyeshe mwenzako. Halafu kesho asubuhi, mkikutana bombani, mfundishe jirani wa mlango wa pili.