Kaonashi siyo shetani, acheni kutisha watu!

Wadau, hili suala la muvi ya Spirited Away limeshakuwa kero. Kila ikitajwa lazima atokee mtaalamu wa alama za siri atuambie kuwa yule kiumbe mweusi mwenye kinyago cheupe, Kaonashi, ni shetani, na muvi nzima imetengenezwa kuwaharibu watoto. Hivi mmeitazama mpaka mwisho au mliona picha tu?

Muvi hii ya Mjapani Hayao Miyazaki ilitoka 2001. Kaonashi maana yake ni asiye na uso. Mwanzoni hana fujo wala maneno, amesimama tu nje kwenye mvua, na Chihiro, binti wa miaka 10, anamwachia mlango wazi. Balaa linaanza akishaingia. Anaona wafanyakazi wa ile nyumba ya kuogea wanavyopagawa na dhahabu, naye anaanza kuimwaga. Wanamlisha, wanamwimbia, anavimba, mwisho anawameza. Hata sauti anayoongea siyo yake, ni ya mfanyakazi chura aliyemmeza! Na ile dhahabu baadaye inageuka udongo.

Sasa hapo mwovu nani? Kaonashi amebeba tabia za nyumba aliyoingia. Akitoka mle anatulia, anapanda treni kimya kimya, anaishia kwa bibi Zeniba akisokota nyuzi. Shetani gani huyo?

Alama zipo, sikatai. Wazazi wa Chihiro wanageuka nguruwe kwa kula chakula kisicho chao, baba akijitapa kuwa ana kadi na pesa taslimu. Yule mgeni anayenuka ni mto uliojazwa takataka, hadi baiskeli inavutwa kutoka mwilini mwake. Haku naye ni mto, ila ulifukiwa wakajenga majumba. Yaani hizo alama zote zinatusema sisi watu wazima na ulafi wetu, na ndiyo maana inakuwa rahisi kumsingizia shetani.

Halafu kuna hili ambalo mnalificha: Chihiro anapewa dhahabu viganja viwili vimejaa, anasema hataki. Mtoto wa miaka 10! Unamkataza mwanao kuona hilo, halafu unamwachia simu aangalie video za watu wanaorusha noti ukumbini. Sasa kati ya hizo mbili, ipi inamharibu?

Mwenye hoja ailete, ila aitazame kwanza.