Taarabu: wasikilizaji wapo, wanunuzi wako wapi?

Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri za HMV, na sauti yake ikawafikia hata wasiowahi kukanyaga Unguja. Santuri ilikuwa ghali. Mwenye gramafoni aliwaburudisha na majirani. Kaseti iliyofuata ilikuwa nafuu, lakini rahisi mno kunakili, na nakala za mitaani hazikumlipa msanii. Leo kijana wa Mji Mkongwe husikiliza kwa simu, mara nyingi bila kununua chochote. Kwa vikundi vikongwe kama Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa mwaka 1905, riziki imebaki ukumbini na harusini, ambako angalau watu hutunza papo hapo. Mtalii hulipa kiingilio. Mwenyeji, ambaye nyimbo zimetungwa kwa lugha yake, amezoea kuzipata bure.