Rudini Vijijini, na Mtoto Abebwe na Nani?

Kuna maneno mawili ambayo kijana wa nchi hii anayasikia tangu enzi za babu yake: rudini vijijini. Waingereza, baada ya Vita Kuu ya Pili, walikuwa wakiwakamata Waafrika wasio na kazi Dar es Salaam na kuwarudisha makwao kwa nguvu. Tukapata uhuru, wimbo ukaendelea kwa sauti yetu wenyewe. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvukazi, watu wakazolewa mitaani na kupelekwa mashambani, na wengi wao wakarejea mjini upesi kuliko walivyoondoka. Leo hakuna karandinga. Leo kuna jukwaa, kipaza sauti na mheshimiwa aliyeshiba: vijana, acheni kukaa vijiweni, ardhi ipo! Hata programu ya Jenga Kesho Iliyo Bora, hiyo BBT iliyozinduliwa 2023, ambayo mimi siidharau maana angalau inaongelea mashamba na mafunzo, nayo ilianza kwa kuwaita vijana kambini. Kambini! Hebu niambieni, wenzangu, nani amewahi kwenda kambini na mke na mtoto wa miezi tisa?

Mimi nimekwenda nao. Siyo kambini, kijijini. Nina miaka 26, elimu yangu kidato cha nne, na Dar nilikuwa nauza duka la mtu huko Mbagala huku nikiandika riwaya ambayo bado haijaisha. Juni ya mwaka jana kodi yetu ilikwisha, mwenye nyumba akataka ya miezi sita kwa mkupuo, na mwenye nyumba wa Mbagala hajui majira ya Mbozi. Tukapanda basi, zaidi ya kilomita 800, mimi, Mama Neema na Neema mwenyewe, hadi Mbozi, mkoani Songwe, ambako baba yangu mdogo alitupa eka moja na nusu ya kulima na nyumba ya vyumba viwili. Kwa hiyo nikisema habari za kurudi kijijini, sisemi ya kusimuliwa.

Nasema hivi: anayetuamuru turudi anamwona kichwani mwake mwanamume mmoja, hana mke, hana mtoto, jembe begani. Ndiyo maana hesabu yake inakuwa nyepesi. Huko hakuna kodi, anasema. Kuni bure, maji bure, mboga bure. Ni changa la macho. Hakuna cha bure hapa. Ila bili haiji kwa karatasi, inakwenda moja kwa moja kwenye mgongo wa mwanamke na kifua cha mtoto.

Msomaji wa Dar, ngoja nikueleze baridi, maana wewe unaijua ya kwenye friji. Songwe ni mkoa mchanga, ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na si wote wa baridi. Teremka Kamsamba kwenye mpunga, utavua shati. Lakini uwanda wa Mbozi uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Ileje, kuelekea Malawi, imepanda zaidi. Kuanzia Mei hadi Agosti jua linawaka mchana kama la kuazima, na usiku wa Julai joto hushuka karibu na nyuzi 10. Nyumba yetu ya matofali ya kuchoma haikuwa na dari. Kati ya ukuta na bati kuna nafasi ya kupitisha mkono, na upepo unaujua mlango huo vizuri sana. Tulikuja na shuka tatu na chandarua. (Feni tuliiuza Mbagala, asanteni.)

Sasa mtu wa pwani akishikwa na baridi hiyo atafanya nini? Ataingiza jiko la mkaa chumbani, atafunga dirisha, atalala. Hapo ndipo watu wanapokufa, ndugu zangu, familia nzima, na asubuhi majirani wanasema wamerogwa. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa hutoa kaboni monoksidi, sumu isiyo na rangi wala harufu. Hukoroti wala hukohoi, unalala tu moja kwa moja. Sisi tuliambiwa na bibi jirani siku ya pili tu ya kufika, akiwa amesimama mlangoni anatazama jiko letu: "Wajukuu zangu, hilo linalala nje." Sijamsikia mheshimiwa hata mmoja akiyasema hayo jukwaani.

Basi linabaki jiko la kuni, mafiga matatu, kwenye kibanda cha jikoni. Mama Neema ni mtoto wa Temeke, amekulia kwenye mkaa na mtungi mdogo wa gesi. Hapa anaanza na kuni mbichi zenye umande. Jikoni ndiko kuna joto, kwa hiyo mtoto naye anakaa huko huko, mgongoni, kutwa nzima ndani ya moshi. Na moshi wa kuni ni moja ya mambo yanayowasogeza watoto wadogo kwenye nimonia, hilo wataalamu wa afya hawabishani. Wiki ya tatu Neema akaanza kukohoa. Mama yake aliwahi kufundishwa na nesi wa kliniki kuhesabu pumzi: mtoto wa miezi miwili hadi kumi na miwili akivuta pumzi 50 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, usisubiri kesho. Akaweka simu pajani, akahesabu. Pumzi 62, na chini ya mbavu panabonyea. Saa nne usiku tukapanda bodaboda, mtoto katikati yetu, blanketi moja watu watatu. Mahali pa kwanza dawa hazikuwepo. Pa pili zilikuwepo. Neema ni mzima, sasa anatembea na kuvunja vikombe.

Tuliporudi nyumbani, mke wangu akaniambia neno ambalo ndilo limenifanya niandike makala hii. Hakupaza sauti. "Baba Neema, wewe umehamia kijijini. Mimi nimehamia jikoni."

Hebu litafuneni hilo, ninyi mnaoandika. Maana na sisi waandishi vijana tuna sehemu yetu katika usanii huu. Tumelishwa Utubora Mkulima ya Shaaban Robert, iliyotoka 1968, mtu anaacha kazi nzuri mjini anakwenda kulima na roho yake inatulia. Nampenda Utubora. Lakini Utubora hakubeba mtoto mchanga mgongoni. Kezilahabi katika Gamba la Nyoka, 1979, alikitazama kijiji cha ujamaa bila kukipaka poda, na tulipaswa kuanzia pale alipoishia. Badala yake tunaandika nini? Mwaka huu nimesoma miswada minne ya wenzangu ambayo shujaa anashindwa maisha ya Bongo, anapanda basi, anateremka kijijini, jogoo anawika, mama yake analia kwa furaha. Mwisho. Kaka, hapo ndipo riwaya inapoanza! Nani atauandika huo mwezi wa Julai?

Washkaji wengine nao wananitumia ujumbe kwamba nimekwisha, nimekwenda bushi, sitaandika tena. Hao siwapi nafasi kubwa. Mtu ambaye hawezi kuandika mpaka asikie honi ya daladala, tatizo lake si kijiji.

Ila kuna la ardhi, na hilo siliachi. "Ardhi ipo." Ipo, ndiyo, na ina wenyewe. Kutoka hapa hadi Tunduma ni mwendo wa saa moja hivi, na kila wiki namwona kijana mmoja wa kijiji hiki akiondoka na begi kwenda huko mpakani, kupakua mizigo kwenye foleni ya malori ya Zambia na Kongo, kubadilisha kwacha, kuvusha viatu Nakonde. Wamezaliwa hapa, baridi wameizoea, jembe wanalijua kuliko mimi. Kwa nini wanaondoka? Kwa sababu zao linalolipa hapa ni kahawa, na mche wa kahawa unakaa kama miaka mitatu kabla ya kukupa mavuno ya kwanza. Ukikodi shamba kwa msimu, hakuna mwenye ardhi atakayekuruhusu upande mti wa miaka thelathini. Utapanda mahindi na maharage, utanunua mbolea kwa mkopo, utauza Julai wakati kila mtu anauza. Basi mheshimiwa anapowapigia kelele vijana wa kijiweni Mbagala warudi vijijini, wa vijijini wenyewe wako kijiweni Tunduma. Hao atawarudisha wapi?

Mimi sirudi Mbagala. Nasema wazi asije mtu akanishangilia kwamba nimelia baridi. Baba mdogo ameniruhusu miche themanini ya kahawa, na kwa mimi hiyo ni riwaya ya pili. Jikoni tumejenga jiko la udongo lenye bomba la kutolea moshi, fundi ni yule bibi jirani pamoja na mjukuu wake. Chumbani tumetandika dari ya viroba vya mbolea, haipendezi lakini upepo umekoma. Kuni na maji ya asubuhi ni kazi yangu, na wanaume wenzangu hapa wananicheka nikipita na ndoo kichwani. Wacheke. Ninaandika usiku, saa mbili hadi saa tano, na saa hizo mtu mwingine amenilipia. Mama Neema naye amedai zake: Jumatano na Jumamosi mchana mtoto ni wangu, yeye anashona kwenye cherehani ya kukodi gulioni.

Ninachodai kwa mwenye kipaza sauti ni kidogo. Kabla ya kusema rudini, ataje dawa ya kifua ya mtoto itapatikana zahanati ipi usiku, na ataje ni shamba gani mtu atapanda mti wake bila kunyang'anywa. Akishayataja hayo nitamsaidia kupiga kelele.

Na wewe unayefunga mizigo na una mtoto, ukiweza usije Juni. Njoo Septemba, baridi ikiwa imekatika na mvua za Novemba hazijaanza, upate kuziba ukuta na kulitayarisha shamba. Blanketi za mitumba ziko Tunduma, chagua nzito, na kofia ya mtoto nunua mbili maana moja itakuwa imelowa.