Kabla ya Kuandika "Hawezi", Mwalimu Apite kwa Fundi Baiskeli

Kyela, wilaya ya kusini-magharibi mwa Tanzania, ni nchi ya baiskeli. Ardhi imelala tambarare kutoka mjini hadi bandari ya Itungi, na barabarani mama aliyejifunga kanga hupita akikanyaga pedali taratibu, mkungu wa ndizi umefungwa kwenye keria. Wengine hubeba gunia la mpunga au ndoo ya usipa. Penye baiskeli nyingi hapakosekani fundi, na fundi wa Kyela utampata chini ya mwembe, ana beseni la maji la kutafutia tundu la tyubu, spana mbili tatu na watoto kadhaa wanaomzunguka.

Mchukulie mmoja wa watoto hao: mvulana wa miaka 11, kiziwi tangu utotoni. Ni mtoto wa mfano, lakini walimu wengi wa ukanda huo watamtambua upesi. Shuleni jalada lake lina mistari mitatu. Hawezi kuzungumza. Hawezi kuhesabu zaidi ya 10. Hafuati maelekezo. Chini yake limeandikwa lengo la mwaka mzima: aweze kuhesabu kuanzia 1 hadi 20.

Jioni mvulana huyohuyo yuko chini ya mwembe anasuka gurudumu. Baiskeli kubwa za mtindo wa zamani, zile zinazopendwa vijijini kwa kubeba mizigo, huwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma. Spoki hizo haziingizwi ovyo. Nusu hushika upande mmoja wa haba, yaani kitovu cha gurudumu, na nusu upande wa pili, na ukizifuata kwenye rimu utaona mpangilio unaojirudia kila baada ya spoki nne. Gurudumu la mbele lina mafungu nane ya nne nne, la nyuma lina kumi. Mvulana akikosea fungu moja, anaona mara moja kwamba spoki inayofuata haitafika kwenye tundu lake. Anaifungua, anarudi nyuma, anaanza tena fungu lile. Akimaliza analizungusha gurudumu, anasogeza kijiti karibu na rimu, anatazama linapogusa, kisha anakaza au kulegeza mahali hapo hapo.

Anayefanya hivyo anajua kuzidisha kwa 4, ila hajaonyeshwa bado namna hesabu hiyo inavyoandikwa daftarini. Jalada linalosema hawezi kupita 10 halikumpima mtoto. Limepima alichoambulia katika darasa linalofundishwa kwa sauti asiyoisikia.

Hapo ndipo hoja ya makala haya ilipo. Elimu jumuishi, ile inayomweka mwanafunzi mwenye ulemavu darasa moja na wenzake na kumpa msaada anaouhitaji, haiwezi kusimama juu ya majalada yanayoanza na orodha ya kasoro. Lengo la kujifunza linapaswa kuanzia kwenye jambo ambalo mtoto analifanya tayari, lililoonwa kwa macho, kisha likamvusha hadi kwenye mtaala. Kwa mvulana wa spoki lengo lingesomeka hivi: "Mwanafunzi hupanga spoki nne nne kwenye rimu bila kusaidiwa. Ifikapo mwisho wa Juni, akitumia spoki na kadi za namba, aweze kuandika na kukokotoa maswali 8 kati ya 10 ya kuzidisha kwa 4, na kueleza jibu kwa lugha ya alama." Lina mahali pa kuanzia, lina muda, lina kipimo, na linamdai mtoto zaidi kuliko lile la kuhesabu hadi 20. Wengi wanadhani kuanza na uwezo ni kumhurumia mwanafunzi. Mfano huu unaonyesha kwamba lengo lililotokana na kasoro ndilo lililomshusha.

Sheria haipingi jambo hili, inalitaka. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 24 ya mkataba huo inataja miongoni mwa shabaha za elimu kukuza haiba, vipaji na ubunifu wa mtu mwenye ulemavu hadi upeo wake. Mwaka uliofuata, 2010, Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9, inayotambua haki ya kusoma katika shule za kawaida. Mikakati ya taifa ya elimu jumuishi imefuatana, ukiwemo wa 2021/22 hadi 2025/26. Safari imekuwa ndefu tangu shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilipoanzishwa mwaka 1950, na shule ya viziwi ya Tabora mwaka 1963, enzi ambazo mtoto alilazimika kuondoka kwao ili asome.

Hata mataifa tajiri yalichelewa kulielewa hili. Marekani ndiyo iliyolifanya kuwa sharti la kisheria, mwaka 1975, kwamba kila mwanafunzi mwenye ulemavu aandikiwe mpango wake binafsi wa elimu. Ilichukua hadi marekebisho ya mwaka 1997 ndipo sheria hiyo ikasema waziwazi kwamba wanaouandaa mpango wazingatie uwezo wa mtoto na yale yanayowasumbua wazazi wake. Miaka 22 ilipita kati ya kuagiza mpango uandikwe na kukumbuka kuuliza mtoto anaweza nini. Kyela haina sababu ya kusubiri hivyo.

Kuna kosa moja la kuepuka mapema. Uwezo hauandikwi kwa kubahatisha kutokana na aina ya ulemavu. Ukisikia mtu anasema asiyeona lazima awe na kipaji cha kuimba, au mwenye usonji lazima awe bingwa wa namba, jua kwamba hajamtazama mtoto aliye mbele yake. Vilevile "ni mtoto mzuri, ana tabasamu" ni sifa ya kumfariji mzazi, wala haimsaidii mwalimu kuandaa azimio la kazi. Uwezo unaofaa kuingia kwenye jalada ni tendo: amelifanya wapi, mara ngapi, kwa msaada wa nani, na akaishia wapi.

Twende upande wa mashariki, Matema, ambako milima ya Livingstone inashuka hadi majini. Ng'ambo kidogo ya hapo, Ikombe, wanawake wa Kikisi wamefinyanga vyungu vizazi na vizazi na kuvipeleka kwa mitumbwi kwenye soko la Lyulilo. Kazi hiyo ina mfuatano usiovunjwa. Udongo huchimbwa na kukandwa, chungu hufinyangwa, huanikwa, hulainishwa, hupakwa rangi, ndipo kichomwe. Ukikichoma kikiwa bado na unyevu kinapasuka.

Msichana mwenye ulemavu wa akili aliyekulia katika kazi hiyo anaweza kushindwa kabisa kusimulia hadithi iliyoko kwenye kitabu cha darasa la pili, lakini akajua fika kwamba chungu hiki hakijafika zamu ya moto. Anakigusa kwa kiganja, anakirudisha kivulini. Kujua kipi kinatangulia na kipi kinafuata ni mojawapo ya mambo yanayobeba ufahamu wa kusoma. Mwalimu mwenye jicho ataanzia hapo: picha nne za hatua za chungu, mtoto azipange, azitaje kwa mdomo, kisha kila picha ipate sentensi yake fupi, na mwishoni picha ziondolewe sentensi zibaki. Lengo linaweza kusema kwamba ifikapo Novemba asome sentensi hizo nne na nyingine nne za kazi tofauti, azipange kwa mfuatano ulio sahihi mara tatu katika siku tatu tofauti.

Lakini mtego mkubwa uko papo hapo, na inafaa kusema bila kuficha. Jalada likishaandika "ana mikono mizuri ya kufinyanga", wapo watakaoona wamemaliza: basi apewe udongo, akae nyuma ya darasa, KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wafundishwe wengine. Mvulana wa spoki naye ataambiwa hana haja ya kusoma, atakuwa fundi. Uwezo uliotumika hivyo umegeuzwa ukuta. Baba anaweza kujivunia mtoto fundi, na ufundi ni kazi ya heshima, lakini uamuzi wa kuishi kwa ufundi ni wa mtoto mwenyewe atakapokuwa mkubwa na cheti mkononi. Kazi ya lengo ni kumtoa kwenye udongo hadi kwenye maandishi, na kwenye spoki hadi kwenye hesabu. Lengo lisilogusa mtaala wa darasa lake linafaa kurudishwa kwa aliyeliandika.

Lugha nayo imewaponza wengi. Nyumba nyingi za Kyela huongea Kinyakyusa, na huko Ikombe Kikisi. Mtoto anaanza shule Kiswahili kikiwa kigeni kwake, anakaa kimya miezi, na mwenye haraka anaandika "haelewi". Akiulizwa kwa lugha ya bibi yake aeleze mto Mbaka ulivyofurika, anaeleza mpaka anasimama. Kabla kimya hakijaitwa ulemavu, mtoto apimwe kwa lugha anayoota nayo usiku, na mwalimu asiyeijua amwite mwenzake anayeijua.

Mtu wa kuulizwa kwanza ni mzazi. Kwa kawaida mama wa mtoto mwenye ulemavu akiitwa shuleni hufika na moyo mzito, tayari kusikia mashtaka. Mwalimu akianza na "Mama, huyu nyumbani unamtuma kazi gani?" mazungumzo huchukua njia nyingine. Atasema mtoto ndiye anayegeuza kakao iliyovundikwa na anajua siku ya kuianika. Au ndiye anayejua ng'ombe yupi hajarudi. Au anatulia akishikishwa mtoto mchanga. Katika dakika kumi mwalimu amepata mahali pa kuanzia ambapo mitihani mitatu isingempa, na mama ameondoka akijua shule inamhitaji. Babu, fundi wa baiskeli na dada mkubwa nao wana la kusema. Kwa mtoto kiziwi, mara nyingi mdogo wake ndiye mkalimani wa nyumba nzima.

Wenzake darasani wasisahaulike. Wanyakyusa wa zamani walikuwa na desturi ambayo watafiti Godfrey na Monica Wilson waliiona walipoishi nao kati ya 1934 na 1938: wavulana wa rika moja, wakishachunga ng'ombe pamoja, walijenga kijiji chao wenyewe na kukua humo pamoja. Vijiji hivyo vimepita, lakini mtoto bado hujifunza mengi kwa rika lake. Ndiyo maana sehemu ya lengo la mvulana kiziwi inapaswa kuandikwa kwa ajili ya wenzake: ifikapo Juni, wanafunzi watano wanaokaa naye wajue ishara 40 za lugha ya alama za mambo ya darasani. Mtoto anayejifunza lugha ambayo hana wa kuizungumza naye hawezi kulaumiwa akinyamaza.

Walimu watauliza muda watautoa wapi, na wana haki ya kuuliza. Madarasa ya mwanzo yenye watoto 80 au 100 si jambo la ajabu, na walimu waliosomea elimu maalumu katika chuo cha Patandi, Arusha, hawajafika kila shule. Kumdai mwalimu wa namna hiyo mpango wa kurasa kumi ni kumfundisha kunakili. Ukurasa mmoja unatosha, wenye malengo mawili, uliojazwa na mwalimu na mzazi wakiwa wamekaa pamoja. Halmashauri inaweza kuchapa fomu ambayo kisanduku cha kwanza kinasema "Anachokifanya sasa, na ushahidi", na cha mahitaji kikafuata. Mabadiliko hayo hayagharimu chochote zaidi ya karatasi ileile inayochapwa sasa. Maofisa elimu kata wakipita shuleni wakaguliwe kwa swali moja: wamesoma malengo mangapi yanayoanza na tendo.

Mahitaji yabaki kuwa mahitaji. Mtoto mwenye uoni hafifu anahitaji miwani na maandishi makubwa, asiyeona anahitaji nukta nundu, kiziwi anahitaji mwalimu anayejua alama. Sifa nzuri kwenye jalada haifidii vitu hivyo, na serikali isitafute nafuu hapo. Wala lengo haliwezi kuvuka mafuriko. Machi na Aprili, mvua ikikolea na mito ya Kiwira na Lufilyo ikitapika kwenye majaruba, mtoto wa kiti cha magurudumu anaweza kukaa nyumbani wiki kadhaa, matairi yakizama matopeni. Anayemwandikia kipimo cha mwisho wa Aprili amemwandikia kufeli. Aandike Februari au Julai, na kwa wiki za mafuriko apange kazi ya kwenda nayo nyumbani.

Januari mtaala na ratiba hurudi mezani, walimu huhamishwa, na mara nyingi jalada huwa ndiyo sauti pekee ya mtoto kwa mwalimu mgeni. Mwalimu huyo akifungua ukurasa wa kwanza akute maelezo ya mafungu nane ya spoki nne nne, maswali mawili yaliyokoswa Juni, ishara 40 ambazo wenzake wamezijua, na uelekeo wa mwembe wa fundi, ili jioni ya wiki yake ya kwanza apite pale akajionee.